Kitufe cha Hapana

Alhamisi alasiri mwanamke ambaye hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwona alisimama mlangoni mwa karakana, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo, akauliza kama hapo ndipo kwa fundi makochi.

"Ndiyo," fundi akajibu kutoka kwenye kiti chake, kando ya cherehani kubwa ya ngozi.

"Mkeo yupo?"

"Ndiyo."

Mgeni akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kochi lisilo na kitambaa, akangoja. Akautazama mlango wa ndani. Hakutoka mtu, wala hakikusikika kikombe kugusana na sahani.

"Au ametoka?"

"Ndiyo," fundi akasema huku akiitikia kwa kichwa, na macho yake yakaingiwa na aibu, aibu ya mtu anayejisikia akikosea na hawezi kujizuia.

Hapo mgeni akatabasamu. "Basi sijapotea. Wewe ndiye Bwana Ndiyo. Ndivyo baba yangu alivyokuonyesha kwa ishara, na simsingizii."

Fundi akacheka. Kicheko chake hakikuwa kimeguswa na ugonjwa. Kilikuwa kilekile cha zamani, cha kutoka tumboni, na mkewe alikisikia akiwa bado njiani, mabega yakimuuma kwa kukamua mashuka ya nyumba ya wageni tangu asubuhi. Aliharakisha. Siku hizi akisikia sauti yoyote isiyo ya kawaida kutoka nyumbani kwake, miguu yake hukimbia kabla hajaamua.

Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wa kulia wa fundi pamoja na maneno yake yote isipokuwa moja. Neno hilo lilijitokeza kwa kila swali, na kichwa kililifuata mdomo. Ukimwuliza kama anaumwa, ndiyo. Ukimwuliza kama haumwi, ndiyo. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea kule kliniki alimwambia mke, "Mama, mumeo anakuelewa vizuri sana. Njia ya kutokea ndiyo imeziba." Mke alikwenda nyumbani na sentensi hiyo kama dawa. Alichora kwenye karatasi alama ya vema upande mmoja na alama ya kosa upande wa pili, akamwekea mumewe mbele. Fundi aliigusa moja, akaigusa nyingine, akaisukuma karatasi na kulia.

"Baba naye alikuwa hivyohivyo kwa karatasi," mgeni alisema mke alipokwisha kumkaribisha na kumsikiliza. "Mpaka tulipompatia hii." Akafungua taulo. Ndani mlikuwa na tableti, pembe moja imepasuka kidogo. "Kuna programu humo. Unagusa picha, yenyewe inasema. Akigusa vibaya anasikia sauti, anajua amekosea, anarudia. Karatasi haisemi kitu, ndiyo maana wanapotea."

"Na baba sasa?"

"Tumemzika mwezi uliopita."

"Pole sana, dada yangu."

"Ahsante. Siku zake za mwisho aligusa picha ya tableti, akagusa picha ya kupeana, halafu akaanza kuitikia kwa kichwa, hivi, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tukadhani anachanganyikiwa. Kumbe anamwiga mtu. Alikuwa akimwona mumeo kliniki siku zile kaka yangu akimpeleka. Nimewatafuta mpaka yule mtaalamu akanielekeza."

Mke wa fundi akafuta mikono yake mikavu kwenye gauni, akaipokea tableti kwa mikono miwili. Iliwaka. Ikaonyesha ua kubwa, saa, na vipicha vichache ilivyotoka navyo kiwandani. Hapakuwa na kingine.

"Iko wapi?"

Mgeni akasogea kutazama. Akapitisha kidole kushoto, akapitisha kulia. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Nilifuta kila kitu jana," alisema polepole. "Niliisafisha. Nilijiambia, nguo ya marehemu huwezi kumpa mtu bila kuifua. Sikufikiri kwamba programu nayo itaondoka."

"Si inaweza kurudishwa?"

"Inaweza. Dukani ziko zote. Tutaitafuta tu."

"Inaitwaje?"

Mgeni hakulijua. Programu ile iliwekwa na mtaalamu wa kabla ya huyu wa sasa, aliyekwisha kuhama kliniki. Kwa miaka miwili wao waliiita kasuku, kwa sababu picha yake ilikuwa kasuku wa buluu. Jina lake halisi hakuwahi kulisoma.

*

Walikuwa bado wameinamia kioo pale kaka mkubwa wa fundi alipoingia bila kubisha, kama alivyozoea. Yeye alikuwa seremala. Miaka yote alichonga fremu za makochi na mdogo wake akazivika, na cherehani ile waliinunua kwa jasho la wote wawili.

"Shemeji, habari za kazi."

"Nzuri, shemeji. Karibu."

"Sikai. Yule mtu wa viti vya mabasi anakuja Jumamosi asubuhi kuichukua cherehani. Ameikubali bei. Nusu yenu nitawaletea palepale, mkononi."

"Tulisema tungoje."

"Wewe ndiye uliyesema. Mwenye cherehani alikubali." Akamgeukia mdogo wake, akapaza sauti kana kwamba kilichopotea ni masikio. "Si ulikubali, mdogo wangu? Tuuze?"

"Ndiyo."

"Umesikia mwenyewe."

Mke akahisi joto likimpanda shingoni. Mgeni alikuwapo, na aibu mbele ya mgeni huuma mara mbili. "Mume wangu," alisema, "hutaki kuuza, siyo?"

"Ndiyo," fundi akasema. Akafumba macho.

"Basi na mimi nimesikia," mke akasema.

Seremala akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Tangu mdogo wake augue alikuwa na fremu zilizorundikana uani kwake, mvua inazila, hazina wa kuzivika. "Shemeji, mimi simwibii ndugu yangu. Huyu akiniambia hapana, hata Jumamosi yenyewe, hata mnunuzi akiwa ameshika cherehani mkononi, naacha. Lakini aseme yeye, siyo wewe kumtafsiri."

"Atasema."

"Kwa kutumia nini?"

Mke akaitazama tableti mikononi mwa mgeni. "Atasema," akarudia, na sauti yake ilikuwa na uhakika ambao moyoni hakuwa nao.

*

Duka la programu lilikuwa na kila kitu isipokuwa walichokitaka. Ijumaa mke alimwomba mkuu wake wa kazi amruhusu kutoka mapema, akaambiwa atoke, lakini mashuka atakayoyaacha yatamngoja. Mgeni alikuwa amefika kabla yake, amenunua bando, amejitengenezea nafasi kwenye meza ya kukatia vitambaa kati ya sponji na kopo la gundi. Fundi aliketi mbele yao, mkono wa kulia umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Wakaandika *kuongea*. Duka likawaletea wasichana wanaotabasamu na maneno yanayosema marafiki wapya wako karibu nawe.

"Toa hiyo," mke akasema. "Shemeji akiingia hapa atasema namtafutia mdogo wake mke wa pili."

"Ndiyo," fundi akasema, wakacheka wote watatu, na kwa dakika moja chumba kikawa chepesi.

Wakaandika *mgonjwa asiyesema*. Wakaletewa ramli, na mchezo wa paka anayerudia maneno. Wakaandika *kasuku*, wakapata kundi zima la kasuku: kasuku wa michezo, kasuku wa nyimbo za watoto, kasuku wa kujifunza lugha ambazo hakuna aliyezihitaji pale. Wa buluu walikuwa wengi. Mgeni aliwakagua mmoja baada ya mwingine, uso karibu na kioo.

"Huyu?"

"Wa baba alitazama upande huu. Na hakuvaa kofia."

"Labda wamemvalisha."

Kila mmoja alikuwa na nyota nyingi na sifa kedekede za watu waliomfurahia, na hakuna sifa hata moja iliyoeleza anafanya nini. Ukishusha chini wanakuja wengine. Ukirudi juu, wale wa kwanza wamebadilishana nafasi. Mke aliogopa kugusa. Alihisi kama amesimama sokoni ambako wauzaji wote wanamwita kwa pamoja na kila meza ina kitambaa juu, hakuna anayemfunulia bidhaa.

Wakapakua mmoja. Akaomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu, wakamfuta. Wa pili alifunguka vizuri, akawa na picha za chakula, kitanda, dawa, na mgeni akasema, "Hii inafanana," na mke akashika kifua. Lakini ilizungumza lugha ya kigeni peke yake, kwa sauti ya mwanamke aliyebanwa pua. Programu ya tatu ilikuwa na kitufe kikubwa chekundu, na chini yake palikuwa na mahali pa kurekodi sauti. Mke akarekodi *hapana*, akaiweka mbele ya mumewe. "Jaribu, fundi wangu. Mimi ni dada yako?"

Fundi akainua mkono wa kushoto. Kidole kilitetemeka hewani, kikatafuta, kikashuka. Kabla hakijafika, tangazo likafunika kioo kizima, na kidole kikaligusa hilo tangazo.

"Hongera! Umeshinda!" sauti ya kiume ikapiga kelele, sarafu za dhahabu zikamwagika kwenye kioo.

Seremala alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua msumeno wake.

"Ameshinda nini?" aliuliza.

Akachukua msumeno, akaondoka bila kucheka, na kule kutocheka kwake kulimchoma mke kuliko dhihaka.

Programu ya nne ilisema kifaa hiki ni cha zamani. Ya tano ilisema haipatikani nchini mwao. Ya sita iliwataka waweke kwanza namba ya kadi ya benki, na humo ndani hapakuwa na mtu mwenye kadi ya benki. Mke akaisukuma tableti mbali.

"Amechoka," alimwambia mgeni. "Anataka kupumzika. Anataka pia maji. Ngoja nimletee."

Fundi akapiga meza kwa ngumi ya kushoto. Kopo la gundi likaruka. Alimtazama mkewe, na mdomo ukahangaika kutafuta kitu. "Ndiyo," alisema kwa hasira. "Ndiyo. Ndiyo."

Mke akaelewa kwamba hakuwa amechoka wala hakutaka maji. Kwa miezi alikuwa akimsemea: kwa wageni, kwa madaktari, kwa kaka yake, hata juu ya vikombe vya chai. Alisogeza kiti, akakaa goti kwa goti na mumewe.

"Nisamehe. Nimezoea. Lakini tukiipata hii kitu, nakuahidi mbele ya dada huyu: utakachogusa kesho, ndicho. Sitaongeza neno, sitapunguza. Hata kikiwa kinyume na changu."

Aliahidi kwa wepesi, kwa kuwa alijua mumewe angegusa nini. Kila Jumapili alikuwa akiitia mafuta cherehani ile, akilizungusha gurudumu lake ili isigande, na kila Jumapili fundi alimtazama mpaka amalize. Kama kutazama kule hakukuwa kungojea, kulikuwa nini?

*

Mgeni hakuaga. Alikaa akizungusha kamba ya mkoba wake kidoleni.

"Kuna njia," alisema mwishowe. "Duka linakumbuka kila ulichowahi kuchukua. Lakini linakumbuka kwa akaunti ya baba, na hii nimeifungua upya kwa jina lako. Nikiingia kwa akaunti yake, watatuma namba ya uthibitisho kwenye simu yake."

"Simu iko wapi?"

"Hapa." Akaipapasa kwenye mkoba. "Natembea nayo. Sijaiwasha tangu siku ile."

"Basi acha, dada. Tutatafuta tena kesho alfajiri."

"Tutatafuta nini? Kasuku mwenye kofia?"

Akaitoa simu, akabonyeza, akaiweka mezani kifudifudi. Ikaanza kuguna juu ya mbao. Iliguna na kuguna: jumbe za mwezi mzima zikiingia kwa foleni, watu waliomtakia mzee apone kabla hawajapata habari, kliniki ikimkumbusha siku yake ya mazoezi. Mgeni aliitazama kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe kutoka ndani. Ilipotulia akaigeuza, akaupita kila ujumbe bila kuusoma, akasoma namba moja tu kwa sauti. Mke akaiandika kwenye tableti, akikosea na kurudia, maana namba ile ilikuwa na muda wake wa kufa.

Ikakubali. Orodha ikatokea, fupi: redio, hali ya hewa, na duara la kijani lenye jina refu lisilo na kasuku yeyote.

"Hii," mgeni akasema. "Wamebadilisha picha. Tungetafuta ndege mpaka tuzeeke."

Ikaanza kushuka. Bando likaisha ikiwa katikati. Mke akasimama, akaenda dukani kwa jirani akiwa na kiasi alichotengea kununulia dawa ya kufulia, akarudi na bando, na hakumwambia mtu.

*

Jumamosi mnunuzi alifika na kijana wa mkokoteni. Seremala alikuja nyuma yake, amevaa shati safi. Mgeni naye alikuwapo, ingawa hakuna aliyemwomba.

Programu ilikuwa imefunguka, na ilikuwa tupu kama daftari jipya. Picha ziliwekwa na mgeni asubuhi ile: cherehani yenyewe, mkono, mke, kaka, kitufe cha ndiyo na cha hapana, cha uza na cha usiuze. Sauti bado.

"Nani atarekodi?" seremala aliuliza. "Ukirekodi wewe, shemeji, atakuwa anaongea wewe."

"Basi rekodi wewe."

"Mimi?"

"Sauti zenu ni moja. Mama yenu alikuwa akiwachanganya mkiwa nje ya mlango."

Seremala akamtazama mnunuzi kama anayeomba radhi. Akainama kwenye tableti, akakohoa. "Hapana," akasema, kwa aibu. "Ndiyo. Uza. Usiuze. Mkono. Cherehani." Alipofika kwenye neno *kaka* alilisema kwa upole ambao huenda hakuukusudia.

Mgeni akaiweka mbele ya fundi. "Taratibu. Una muda wote."

"Mdogo wangu," seremala akaanza, "mimi ni dada yako?"

Kidole kikazunguka. *Ndiyo*, tableti ikasema kwa sauti ya seremala. Fundi akashtuka, akakunja uso, akatikisa kidole, akatafuta tena, akagusa.

*Hapana.*

Fundi akagusa tena. *Hapana.* Akagusa tena, *hapana, hapana, hapana*, akicheka kwa sauti, machozi yakimshuka upande mmoja wa uso, na seremala akajikuta anacheka naye, akisema, "Basi, basi, tumekuelewa, mimi si dada yako." Mke aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amemtafutia mumewe neno hilo kama mtu anayetafuta maji.

Wakamwuliza mengine ili kuhakikisha. Leo ni Jumapili? Hapana. Huyu ni mkeo? Ndiyo. Alikosea mara moja, akasikia, akajirekebisha mwenyewe. Mnunuzi, aliyekuwa na haraka alipoingia, alikuwa sasa amekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, kofia mikononi.

"Haya," seremala akasema. "Cherehani. Tuuze?"

Fundi hakugusa mara moja. Alimtazama mkewe, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha kidole kikashuka, na safari hii hakikutetemeka.

*Mkono*, tableti ikasema. *Hapana.*

Akagusa tena. *Cherehani. Uza.*

Mke akangoja mumewe ajirekebishe, kama alivyojirekebisha mwanzo. Fundi alisikia sauti mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akagusa vilevile: *Mkono. Hapana. Cherehani. Uza.* Halafu akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mezani mbele ya mkewe, kwa upole, kama anayemwonyesha kitu alichokijua kitambo na kukosa namna ya kumwambia. Jumapili zote zile hakuwa akingojea. Alikuwa akiaga.

Chumba kizima kilimtazama mke. Angeweza kusema mumewe amechanganya vitufe. Ingetosha. Kila mtu pale angeamini, kwani alikuwa amekosea dakika chache tu zilizopita, na seremala alikuwa ameapa kwamba akiambiwa hapana ataacha. Sentensi moja tu ilihitajika, na cherehani ingebaki, na Jumapili angeitia mafuta.

Seremala akamsogelea, akashusha sauti. "Shemeji. Kama unataka tuseme leo bado hajaizoea, mimi namwambia huyu mtu arudi mwezi ujao. Sina neno."

Alisema kweli. Uso wake ulionyesha kwamba alisema kweli, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi.

Mke akaunyoosha mkono wa mumewe pale mezani, kidole kimoja kimoja, mpaka ukakaa vizuri. Ulikuwa wa baridi.

"Ameizoea," alisema. "Umemsikia mwenyewe."

Kijana wa mkokoteni alikuwa mmoja na cherehani ilikuwa ya chuma tupu. Mnunuzi akainuka, akashika upande mmoja, akatazama huku na huku kutafuta mtu wa upande wa pili. Mke akafunga gauni lake vizuri kiunoni, akainama, akashika.